Nilimwambia mtoto "shh", na darasa zima likasikia

mwl_wa_awali (mleta mada) #1

Habari za muda huu, wakuu. Nafundisha watoto wa miaka mitatu hadi sita, na kazi hii nimeifanya kwa muda mrefu kiasi cha kujiona naijua. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, ila walimu wa chekechea na wazazi wenye watoto wadogo naomba mkae.

Alikuja mtoto mpya darasani, miaka minne. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kifaa cha chuma na ngozi, kuanzia chini ya goti mpaka kwenye kiatu. Asubuhi ya kwanza tumekaa mduara kwenye mkeka, binti mmoja mdadisi akauliza kwa sauti iliyosikika na wote: "Mwalimu, kwa nini huyu ana chuma mguuni?"

Nikamjibu: "Shh! Si adabu kuuliza hivyo." Nikakunja uso, nikashusha sauti, kisha nikaanzisha wimbo haraka haraka. Nilidhani namsitiri yule mgeni.

Wiki zikapita. Mduara wetu ukawa na pengo. Halikuwa kubwa, nafasi ya mtoto mmoja hivi, kulia kwake na kushoto kwake. Kwenye matofali ya kujengea alijenga peke yake. Hakuna aliyemtukana wala aliyemsukuma, kwa hiyo sikuona tatizo, na kwenye daftari la maendeleo niliandika kwamba ni mtoto mtulivu. Mpaka siku ambayo msaidizi wangu alimwambia yule binti, "Nenda ukajenge na mwenzako pale," naye akajibu bila chembe ya ubaya: "Mwalimu alisema yule haongelewi."

Haongelewi. Neno hilo sikulitamka mimi, lakini ndilo nililolifundisha. Binti alikuwa ameuliza kuhusu chuma, mimi nikamjibu kuhusu mtu.

Nilimtafuta mama wa mtoto, nikamweleza yote pamoja na kosa langu. Nikamuuliza kama angependa tuzungumzie kifaa kile darasani. Akaniambia, "Muulize mwenye mguu." Nikamuuliza mwenye mguu. Akafikiri kidogo, akasema yuko tayari kuwaonyesha "kile kinachofanya kraaa". Alikuwa anamaanisha mikanda ya kunata inayofunga kifaa.

Kesho yake akakaa katikati, akavuta mkanda mmoja. Kraaa! Mkeka mzima ukacheka, naye akacheka. Kinauma? Kikibana tu. Unalala nacho? Nakivua. Kinafanya nini? Kinanyoosha mguu. Ukiwa mkubwa utakuwa nacho? Sijui, daktari ndiye anajua. Dakika tano hazikuisha, mmoja akauliza kama daraja linajengwa kwa matofali makubwa au madogo, wakainuka wakaenda kujenga. Pengo la kwenye mduara halikuondoka siku hiyohiyo, lakini liliondoka.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu jambo hili. Kubwa nililojifunza ni kwamba watoto wanaona tofauti mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza waliwapima watoto wachanga. Wa siku chache hawakujali sura ipi wanaonyeshwa, lakini wa miezi mitatu tayari walitazama kwa muda mrefu zaidi sura za watu wa rangi yao, zile walizozoea. Mwaka 2007 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba watoto wa miezi mitano au sita humtazama zaidi mtu aliyetoka kuongea kwa lafudhi ya nyumbani kwao, na kwamba wa miaka mitano huchagua rafiki kwa kigezo hichohicho.

Hao si wabaguzi. Mtoto kazi yake ni kuipanga dunia: hiki kama kile, huyu kama yule. Thamani ya kila fungu anaichukua kwetu, na sehemu kubwa anaichukua kwenye nyuso zetu, kwenye "shh" zetu, na kwenye mambo tunayoyarukia kwa wimbo.

Karibuni tujadili.

---

baba_mapacha #2

Mwalimu, hadithi imenigusa, lakini sikubaliani nawe. Watoto hawana ubaguzi. Wangu wanacheza na kila mtu, hawajui huyu ni nani wala yule ni nani. Mkianza kuwaambia "huyu yuko hivi, yule yuko vile" ndipo mnapoupanda wenyewe. Waacheni wakue.

---

msomaji_kimya #3

Naweka kambi hapa.

---

mwl_wa_awali #4

Baba mapacha, hoja yako nimeishi nayo miaka mingi, na nusu yake ni kweli. Niieleze hiyo nusu kwanza.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Patterson na Bigler, walichapisha jaribio la watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Waligawiwa fulana, wengine nyekundu, wengine bluu, wakazivaa kwa wiki tatu. Katika madarasa fulani walimu walizitumia hizo rangi kutwa nzima: wekundu njooni, bluu pangeni mstari. Katika mengine walimu hawakuzitaja kabisa. Baada ya wiki tatu, watoto wa madarasa yote walikuwa wanaipendelea rangi yao. Lakini kwa baadhi ya vipimo, upendeleo ulikuwa mkubwa zaidi pale mwalimu alipozitumia rangi kuwapanga.

Kwa hiyo kweli, sisi tunaweza kuukuza. Lakini angalia yale madarasa ambayo mwalimu alinyamaza kabisa: bado ulikuwepo. Kunyamaza hakukuuzuia.

Tena kuna tofauti kati ya kumpanga mtoto kwa fungu lake na kumjibu swali lake. Mimi kwa miaka yote nimekuwa nasema "wavulana mstari huu, wasichana ule", "wasichana wametulia leo, wavulana je?" Sikuwahi kuiona kuwa ni somo. Mwaka 2010 Hilliard na Liben walilijaribu jambo hilohilo katika chekechea kwa wiki mbili tu. Walimu walipowapanga na kuwaita watoto kwa jinsia, watoto wakaanza kushikilia zaidi mawazo ya "hii ya kike, hii ya kiume", na wakapunguza kucheza na wa jinsia nyingine. Wiki mbili, mkuu! Mimi nilifanya miaka.

Sasa nawapanga kwa herufi ya kwanza ya jina, kwa mwezi wa kuzaliwa, au kwa nani amevaa kitu chenye vifungo. Wanajifunza herufi na miezi humohumo.

---

mama_penseli #5

Nimesoma nikashindwa kupita. Binti yangu ana miaka mitano. Wiki iliyopita walichora "mimi na familia yangu". Mimi, baba yake na mdogo wake ametupaka rangi ya kahawia. Yeye mwenyewe amejiacha mweupe kama karatasi. Nikamuuliza, akaniambia hiyo ndiyo penseli ya ngozi. Nikasema hapana, ngozi yako ni kama yangu. Akanyamaza, akageuza karatasi.

Ninachotaka kujua, nimekosea wapi? Nyumbani hatusemi mambo ya rangi. Kabisa hatusemi.

---

mwl_wa_awali #6

Pole, mama. Hujakosea peke yako, na sidhani hata "kukosea" ndilo neno lake. Mtoto amekusanya vitu vidogovidogo kutoka kila mahali: kwenye katuni, kwenye mabango, kwenye vitabu vya hadithi ambamo binti wa mfalme ana nywele zilezile kila mara, na kwa shangazi anayesema "huyu katoka mweupe, mzuri". Akajumlisha. Watoto ni wazuri sana wa kujumlisha.

Hili lina historia ndefu. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, mke na mume, Mamie na Kenneth Clark, mwaka 1947 walichapisha matokeo ya majaribio yao ya wanasesere. Watoto 253 weusi wa miaka mitatu hadi saba waliwekewa wanasesere walio sawa kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wakaambiwa: nipe unayependa kucheza naye, nipe aliye mzuri, nipe anayeonekana mbaya. Wengi walimchagua mweupe kuwa mzuri. Kisha likaja swali la mwisho: nipe anayefanana na wewe. Kenneth Clark alisimulia baadaye kwamba wapo waliolia walipofika hapo. Andiko la Kenneth Clark kuhusu athari za ubaguzi kwa watoto lilitajwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1954 ilipoamua kwamba kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Kuhusu hiyo "penseli ya ngozi", usidhani mwanao ameibuni. Kampuni ya Crayola ilikuwa na krayoni iliyoitwa rangi ya ngozi, ya waridi mpauko, kana kwamba ngozi duniani ni moja. Jina hilo walilibadilisha mwaka 1962. Boksi la krayoni 24 za rangi za ngozi za watu mbalimbali walilitoa mwaka 2020. Hesabu miaka iliyopita hapo katikati.

Jaribu hivi. Chukua rangi za maji: nyekundu, njano, nyeusi, nyeupe, bluu kidogo. Kaa naye, kila mmoja atafute rangi ya mkono wake. Usimsahihishe. Chovya, paka tone kwenye mkono wako, "bado, naona inahitaji wekundu," changanya tena. Sisi tulifanya darasani, asubuhi nzima ikaisha. Hakuna aliyepata nyeusi wala nyeupe. Kiswahili chetu kina maji ya kunde, nao wakaongeza ya kwao: "rangi ya udongo uliolowa", "rangi ya ganda la mti", "rangi ya jioni". Tukaandika kila jina kwenye chupa. Mpaka leo wanapojichora wanaomba chupa kwa jina.

Na muhimu zaidi, mama, lisemeni nyumbani. Msimkalishe kwa hotuba. Ukimpaka mafuta mwambie "ngozi yako inang'aa, kama ya bibi yako". Mahali ambapo ninyi hamsemi, wengine wanasema.

---

MwlMkongwe #7

Mleta mada, shuleni kwetu jambo hili tunalifanya vizuri tu. Kila mwaka tuna siku ya tamaduni. Watoto wanavaa mavazi ya asili, wanacheza ngoma, wazazi wanapiga picha. Nadhani inatosha kwa umri ule.

---

mwl_wa_awali #8

Mwalimu wangu, shikamoo. Sherehe si mbaya, watoto wanaifurahia na wazazi pia. Wasiwasi wangu ni siku nyingine zote zilizobaki.

Louise Derman-Sparks na wenzake huko California, waliotoa mwongozo wa kwanza mkubwa wa malezi yanayopinga ubaguzi mwaka 1989, waliita mtindo huu mtaala wa kitalii. Mtoto anatembelea "wengine" kama mtalii, anaona vazi na ngoma, anarudi nyumbani kwake, yaani kwenye mambo ya kawaida. Anachobaki nacho ni kwamba wale ni watu wa sherehe, sisi ni watu wa kila siku. Hajui kwamba na wale wanaamka, wanapiga mswaki, wanagombana na dada zao, wana mama anayechelewa kazini.

Hao hao waliweka malengo manne ambayo nimeyabandika ndani ya mlango wa kabati langu. Mtoto ajijue na kujipenda bila kujiona bora kuliko mwingine. Awe huru na mwenye furaha miongoni mwa watu wasiofanana naye. Atambue jambo lisilo la haki. Aweze kusema au kutenda neno mbele ya hilo lisilo la haki. Mawili ya kwanza tunayafanya wengi wetu. La tatu na la nne tunayaogopa, tunasema bado wadogo. Lakini sijaona mtoto wa miaka minne asiyejua kusema "si haki!" keki ikikatwa vibaya. Hisia hiyo anayo tayari, tunachofanya ni kumpanulia ili imhusu na mwenzake.

Badala ya siku moja, angalia kuta zako na rafu yako ya vitabu. Profesa Rudine Sims Bishop aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu ni madirisha ya kuona maisha ya wengine, ni vioo vya kujiona mwenyewe, na ni milango ya kupita kuingia dunia nyingine. Mimi nilivishusha vyote sakafuni nikavipanga. Mtoto anayetembelea kiti cha magurudumu alikuwa kwenye kitabu kimoja tu, na hicho kitabu kilihusu kiti. Sikuwa na hata kimoja ambamo mtoto wa namna hiyo anatafuta paka aliyepotea tu, kama watoto wengine.

---

MwlMkongwe #9

Marahaba. Hilo la vitabu kesho nalifanya.

---

kona_ya_nahau #10

Nichangie upande wa lugha. Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyojua. "Alikuja daktari, akamtibu." Hakuna aliyesema ni mwanamke au mwanamume. Nimewahi kuwasimulia watoto hadithi ya daktari, rubani na mtu wa kufua nguo bila kutaja jinsia popote, kisha nikawaambia wachore. Rubani wote walimpa masharubu! Hapo hapo nikawauliza nani aliwaambia ni baba. Wakatazamana. Mmoja akasema "wewe mwalimu." Nikarudia hadithi neno kwa neno, wakabaki wanasikiliza kama polisi.

Lakini upande mwingine lugha yetu imewaweka watu pabaya. Kipofu, kiziwi, kilema, kibogoyo: wote kwenye ki-, pamoja na kiti na kikombe.

---

baba_mapacha #11

Hapo nakataa. Kiongozi na kijana nao wapo kwenye ki-, na kinyozi wangu hajalalamika. Sarufi haina kosa.

---

mwl_wa_awali #12

Mna haki wote wawili. Ki- peke yake haimdhalilishi mtu. Lakini sikiliza neno linavyotamkwa. "Kilema" hutamkwa kama tusi uwanjani, "mtoto mwenye ulemavu" haitamkwi hivyo. "Zeruzeru" silitaki darasani kwangu hata kwa utani, tunasema mwenye ualbino. Na hapohapo wapo viziwi wengi wanaojiita viziwi kwa kujiamini na hawataki neno la kuzungukazunguka. Kwa hiyo namuuliza mhusika au mzazi wake: mnapenda tuseme vipi? Swali hilo halijawahi kumkera mtu.

Mchezo wa rubani nitauiba, ndugu kona_ya_nahau. Ufanyeni mapema. Mwaka 2017 Bian na wenzake walichapisha utafiti ambamo watoto wa miaka mitano, wasichana kwa wavulana, kila mmoja alidhani mtu "mwenye akili sana sana" ni wa jinsia yake. Walipofika miaka sita, wasichana walikuwa wameanza kulegea kwenye imani hiyo. Mwaka mmoja tu. Huo ndio mwaka wetu, walimu wa awali.

---

dada_msaidizi #13

Mimi ni msaidizi darasani, si mwalimu. Naomba kuuliza la vitendo. Mtoto akisema mbele yangu "wewe huchezi na sisi, unaongea vibaya", nifanye nini saa hiyohiyo? Mwalimu wetu husema "ombeni msamaha mpeane mikono", wanapeana, halafu dakika kumi baadaye yuleyule yuko peke yake tena.

---

mwl_wa_awali #14

Dada, swali lako ni zito kuliko yote humu.

Mikono ya kupeana inamfaa mwalimu, inafunga kesi. Aliyeumizwa haimsaidii kitu.

Mimi naanza kwa aliyeumizwa, hata kama aliyesema ndiye anayepiga kelele. Nachuchumaa mpaka macho yetu yawe usawa mmoja. "Nimesikia alichokuambia. Si kweli, na hairuhusiwi hapa. Unataka kumwambia kitu, au nimwambie mimi?" Wengine wanasema wenyewe. Wengine wananishika kidole tu, hapo nasema mimi.

Kisha namgeukia aliyesema, bila ukali. Nataka kujua alikuwa na maana gani, maana mara nyingi nyuma ya neno baya kuna swali. "Unaongea vibaya" kwa mtoto wa miaka minne huweza kuwa "simwelewi, na nikiwa simwelewi naogopa." Namwambia: "Anaongea kama wanavyoongea kwao. Wewe ukienda kwao utasikika tofauti vilevile. Usipoelewa, mwambie arudie." Halafu naweka mpaka, kwa maneno machache: kumwacha mtu nje ya mchezo kwa sababu ya anavyoongea, hapana.

Tatu, nabaki pale. Naingia kwenye mchezo wenyewe dakika mbili tatu, natafuta nafasi ambayo mchezo unaihitaji. "Duka lenu lina muuzaji, nani analeta mzigo?" Mtoto aliyeingizwa kwa huruma hutolewa mara mwalimu anapogeuka, lakini mleta mzigo anaitwa.

Vivian Paley, aliyekuwa mwalimu wa chekechea Chicago, aliifanya kuwa kanuni ya darasa: huruhusiwi kumwambia mwenzako hachezi. Hakuishusha tu kama amri. Aliijadili na watoto wake kwa muda, akawauliza na watoto wa madarasa ya juu kama ni ya haki na kama itawezekana. Ninachopenda ni kwamba inamwondolea mtoto mmoja mamlaka ya kuamua nani ni mtu na nani si mtu. Wangu walibisha kweli: "Na akiharibu mchezo?" Tukakubaliana: tunaweza kumkataza mtu kitendo, hatumkatazi kuwepo.

---

baba_mapacha #15

Mwalimu, nimewauliza mapacha jana usiku nani hachezi nao shuleni. Wamenitajia jina moja bila kufikiri, wote wawili kwa pamoja. Nikauliza kwa nini. "Ananuka." Nikauliza wamejuaje, kwa sababu najua hawajawahi kumkaribia. Wakasema kila mtu anajua.

Nafuta nilichosema #2.

---

mwl_wa_awali #16

Asante kwa kuuliza, na kwa kurudi kutuambia.

Naomba niongeze jambo ambalo walimu hatulipendi. Tunazungumza kana kwamba ubaguzi uko kwa watoto na sisi ni mahakimu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwaonyesha walimu wa chekechea video za watoto wanne: mvulana mweusi, msichana mweusi, mvulana mweupe na msichana mweupe. Wakawaambia wawe macho, waone nani ataanza fujo. Fujo haikuwepo kabisa, watoto walikuwa wanacheza tu. Kifaa kilichofuatilia macho ya walimu kilionyesha kwamba waliyemtazama zaidi ni mvulana mweusi.

Nilipoisoma hiyo nilichukua karatasi, nikaandika majina ya watoto wangu wote, nikamwomba msaidizi atie alama kila ninapomwita mtoto kwa kumkemea, na alama nyingine kila ninapomsifu. Siku tano. Ijumaa nikaiangalia karatasi. Watoto wawili walikuwa wamebeba karibu nusu ya makemeo yote ya darasa. Mmoja ni mkorofi kweli, sikatai. Wa pili nilikaa nikamchunguza wiki nzima: alikuwa anafanya yaleyale wanayofanya wenzake, ila ana sauti nzito na mwili mkubwa kwa umri wake, na wenzake walishaanza kusema "ni yeye" kabla hata sijauliza. Walijifunza kwa nani? Kwa jina nililoliita mara nyingi kuliko yote.

Karatasi hiyo narudia kila muhula. Haina gharama. Inauma, lakini ifanyeni.

---

mzazi_mwoga #17

Na mzazi akija kukuambia mwanawe asikae karibu na mtoto fulani? Kwetu ilitokea. Mwalimu alimhamisha mtoto kimyakimya ili kuepuka ugomvi.

---

mwl_wa_awali #18

Kumhamisha ni kumjibu mzazi "una haki", na mtoto aliyekimbiwa anaelewa kabla ya mtu yeyote.

Mimi huketi naye mlangoni au chumba kingine, si mbele ya watoto. Nasikiliza mpaka mwisho, maana mara nyingine kuna hofu halisi, mfano anadhani ulemavu unaambukiza, au kuna kugombana kweli kati ya watoto. Kinachoelezeka nakieleza. Kikibaki "simtaki tu yule", nasema kwa heshima zote kwamba darasani watoto hawapangwi kwa kigezo hicho, na kwamba mwanawe nitamlinda vilevile siku mtu akimkataa yeye. Sheria nayo ipo upande wetu: Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ibara ya 2, unakataza mtoto kubaguliwa kwa rangi, jinsia, lugha, dini, asili, ulemavu au hali nyingine, yake au ya wazazi wake. Ibara ya 29 inasema elimu imwandae mtoto kuishi kwa maelewano na urafiki na watu wote. Sijawahi kulazimika kuisoma kwa sauti, ila najua iko wapi.

Mzazi mmoja aliwahi kumhamisha mwanawe shule kwa sababu hiyo. Niliumia, kwa sababu yule mtoto alikuwa ameanza kubadilika. Lakini mwingine aliyekuja na maneno makali kuliko huyo, mwaka uliofuata ndiye aliyeomba watoto hao wawili waende pamoja kwenye sherehe ya kuzaliwa.

---

msomaji_kimya #19

Na darasa ambalo wote wanafanana? Rangi moja, lugha moja, dini moja.

---

mwl_wa_awali #20

Hakuna darasa la hivyo. Wapo wenye miwani na wasio nayo. Wapo wanaolelewa na bibi, wenye mama tu, wenye baba mbali. Wapo wenye viatu vipya kila muhula na wa viatu vya kurithi. Mwenye kigugumizi, mwenye mkono wa kushoto. Anza hapo hapo. Usiseme "mama na baba yako wakusaidie", sema "mtu mkubwa wa nyumbani kwenu akusaidie", uone nani anainua kichwa.

---

mama_penseli #21

Narudi kutoa mrejesho. Jumamosi tulikaa na zile rangi, mimi, binti na mdogo wake. Mwanzoni alichanganya nyeupe nyingi, nikajizuia nisiseme kitu. Akapaka tone mkononi, akalitazama, akaongeza njano. Akapaka lingine. Mkono wake ukajaa madoa mpaka kwenye kiwiko. Ilichukua karibu saa nzima. Tone la mwisho alilipaka, halafu akanivuta, akaniambia: "Mama, limepotea. Litafute."

Kweli halikuonekana. Nilipapasa mpaka nikaligusa lilipokuwa bado bichi.